Kijana mwenye 'lupu' si tapeli, tumlipe haki yake

KUNA ubishi umeingia katika harusi zetu, na siku hizi umeingia hata makanisani, kuhusu vijana wanaopanda jukwaani peke yao na kisanduku kidogo miguuni. Kijana anaimba kidogo, anakanyaga, na sauti yake inaanza kujirudia yenyewe kutoka kwenye spika. Anaongeza makofi, anaongeza gitaa, anaongeza sauti ya pili na ya tatu. Baada ya dakika moja unasikia kundi zima, lakini ukitazama jukwaani unamwona mtu mmoja tu. Wapo wanaomshangilia. Na wapo, tena si wachache, wanaosema huyu ni tapeli, kabeba muziki ulioandaliwa nyumbani na anatuigizia.

Mimi ni mwalimu, si mwanamuziki wa kulipwa. Lakini kila mwaka nasimamia kikundi cha muziki cha wanafunzi, na ubishi huu umenifuata hadi darasani. Nasema wazi tangu mwanzo: anayefanya kazi hiyo vizuri ni mpigaji kama wapigaji wengine, mashine yake ni chombo cha muziki kama gitaa au inanga, na kumkata ujira kwa hoja kwamba "yuko peke yake" ni dhuluma. Nitaeleza kwa nini. Nitaeleza pia ni wapi wanaolalamika wana haki, maana wanayo.

Tuanze na kitu chenyewe. Vijana wanakiita lupu. Kwa Kiswahili cha kawaida tungesema kitanzi cha sauti. Sisi tuliokua wakati wa kaseti hatuna haja ya maelezo marefu. Chukua kipande cha utepe wa kaseti, kiunge ncha kwa ncha kiwe duara, kisha kipitishe kwenye redio. Maneno yaleyale yatarudi na kurudi hadi betri ziishe.

Mashine za leo hazina utepe, zina memori. Mpigaji anakanyaga mara ya kwanza, mashine inaanza kurekodi. Anakanyaga mara ya pili, inafunga kitanzi na kuanza kurudia kile alichopiga. Kuanzia hapo kila anachoongeza kinalala juu ya kile cha kwanza, tabaka juu ya tabaka. Akitaka anaondoa tabaka la mwisho. Akitaka anazima yote na kubaki na sauti yake tupu. Nyingine zina midundo ya kufanyia mazoezi, lakini kazi yake ni kurudia kile unachokipiga. Ukiirekodisha kimya, itakurudishia kimya.

Sasa angalia ugumu wake, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokosea. Watu wanadhani mashine inamsaidia mvivu. Tufanye hesabu ndogo. Wimbo una mapigo 120 kwa dakika. Kitanzi cha mapigo 16 kinachukua sekunde 8. Wimbo wa dakika 4 una sekunde 240, maana yake kitanzi hicho kitarudi mara 30. Mpigaji wa kawaida akikosea noti moja, kosa linapita na watu wanasahau. Mwenye lupu akikosea katika kitanzi cha kwanza, au akichelewa kukanyaga kwa nusu ya pigo tu, wasikilizaji watalisikia kosa hilo mara 30. Hakuna chombo kinachomwanika mpigaji namna hiyo. Asiye na mdundo ndani ya mwili wake hawezi kujificha nyuma ya lupu, ataumbuka kabla ya ubeti wa pili.

Nilishuhudia mambo haya katika harusi moja huku kusini, si mbali na Nyanza-Lac. Kijana aliyerudi kutoka kambi ya Nduta aliitwa kutumbuiza. Alikuwa na gitaa, maikrofoni na pedali moja. Aliimba karibu saa mbili, watu wakacheza, akina bibi wakasimama. Wakati wa malipo, msemaji wa familia akampa nusu ya walichopatana. Hoja yake ilikuwa kwamba walidhani wanaleta bendi, kumbe kaja mtu mmoja na "pleibeki". Kijana akaeleza, hakusikilizwa. Akaondoka na gitaa lake mgongoni, na nauli ya pikipiki alijilipia mwenyewe.

Waswahili wana msemo: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tutofautishe mambo mawili ambayo yule msemaji aliyachanganya.

Pleibeki ni muziki uliokamilika kabla ya msanii kufika. Umerekodiwa studio, umewekwa kwenye flashi, DJ anaubonyeza, na msanii anachezesha midomo au anaimba juu ya sauti yake mwenyewe. Ugonjwa huo tunao, tena tumeuzoea. Tunalipa kiingilio tukamtazame mtu akishika maikrofoni isiyofanya kazi. Lupu ni kinyume chake. Anaanza na mashine tupu. Kila sauti unayoisikia ikirudi uliiona ikizaliwa mbele yako, kwa mkono au kwa mdomo wa yule aliyesimama pale. Kipimo chake ni rahisi na kila mtu anaweza kukitumia: je, sauti hii niliiona ikipigwa? Kama uliiona, huyo ni mpigaji. Kama hukuiona, una haki ya kuuliza.

Msomaji asidhani kwamba ni sisi tu wa vijijini tunaochanganya mambo haya. Mwingereza Ed Sheeran alijaza uwanja wa Wembley mjini London kwa siku tatu Julai 2015, akiwa peke yake na gitaa na pedali yake ya lupu. Miaka miwili baadaye, Juni 2017, alipopiga katika tamasha kubwa la Glastonbury, watazamaji wa televisheni walimshutumu kwamba anatumia muziki uliorekodiwa tayari. Ilibidi ajitokeze kueleza kwamba kila kitu kilipigwa papo hapo na kile kilichokuwa miguuni pake ni mashine ya lupu. Kama tajiri wa Wembley aliitwa tapeli, kijana wa Nduta angeponea wapi?

Wala jambo hili si la jana. Mwaka 1948 fundi wa redio ya Ufaransa, Pierre Schaeffer, alikuwa akifanya majaribio na sahani za santuri. Kwa kawaida mfereji wa santuri unazunguka ukielekea katikati. Yeye aliufunga mfereji ujirudie palepale, na sauti moja, kwa mfano ya garimoshi, ikajirudia bila kikomo. Mwaka 1963, mjini Paris hapohapo, Mmarekani Terry Riley aliunganisha mashine mbili za kurekodi kwa utepe mmoja. Ya kwanza inarekodi, utepe unasafiri hadi ya pili, ya pili inapiga na kuirudishia ya kwanza. Mashine zikiachana mita 1 na utepe ukienda sentimita 19 kwa sekunde, sauti inarudi baada ya sekunde 5 hivi. Riley alikuja kupiga maonyesho ya usiku kucha kwa njia hiyo. Mwaka 1973 Waingereza Robert Fripp na Brian Eno walitoa santuri nzima iliyotokana na gitaa na mashine mbili za namna hiyo.

Lakini hizo zilikuwa mashine za mezani, nzito, za watu wenye studio. Kilicholeta lupu mitaani ni pedali. Mwaka 2001 kampuni ya Kijapani ya Boss ilitoa RC-20, kisanduku cha kukanyaga kwa mguu ambacho kinaingia kwenye begi la shule. Mwaka 2004 Mskoti KT Tunstall aliitwa ghafla kwenye kipindi cha muziki cha BBC kuziba nafasi ya msanii aliyeshindwa kufika. Akaja peke yake na gitaa na pedali, na usiku huo mmoja ukamfanya ajulikane nchi nzima. Na Mwafrika mwenzetu Richard Bona wa Kameruni, mpigaji wa besi anayeheshimiwa duniani, ana sehemu katika maonyesho yake ambapo anaweka chini gitaa na kujenga kwaya nzima kwa koo lake tu, sauti moja baada ya nyingine, watu wakimtazama. Sijasikia mtu akimwambia Bona arudishe nusu ya malipo.

Hadi hapa mtu ataniuliza: mwalimu, haya ya Wazungu na ya Kameruni yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kuliko tunavyofikiri. Nitaje mambo mawili.

La kwanza ni namna ngoma zetu wenyewe zinavyopangwa. Ngoma za kifalme za Burundi, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014, haziwekwi ovyo ovyo. Katikati inasimama inkiranya, ambayo ndiyo inaongoza. Wengine wanapanga nusu duara kuizunguka. Kuna amashakwe, kazi yao ni kushika pigo moja lisilokatika. Kuna ibishikizo, ambao wanafuata mwendo unaotolewa na inkiranya. Tazama vizuri mgawanyo huo. Kuna wanaorudia pasipo kuchoka, na kwa sababu wanarudia, anayeongoza anapata uhuru wa kuruka, kugeuza na kuchezea mapigo. Bila amashakwe, inkiranya ni kelele. Mwenye lupu anafanya hivyohivyo: anaweka amashakwe yake kwanza, kisha anakwenda kusimama katikati. Mtoto wa Burundi hahitaji kufundishwa kwamba kurudia ni muziki. Alizaliwa akisikia hivyo.

La pili linauma kidogo. Mwaka 1967 shirika la redio la Ufaransa lililoitwa OCORA, ambalo chimbuko lake ni kazi ya yuleyule Schaeffer wa mfereji uliofungwa, lilirekodi muziki wa Burundi na kuutoa kwenye santuri. Mle ndani kulikuwa na ngoma zetu. Mwaka 1971 mwanamuziki wa Ufaransa aliyejiita Mike Steiphenson alichukua rekodi ya ngoma hizo, akaweka vinanda na gitaa juu yake na kuiuza kwa jina la "Burundi Black". Mtunzi aliyeandikwa ni yeye. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada alichukua rekodi ya ngoma hizo, ikafanywa kitanzi cha utepe, akaimba juu yake wimbo "The Jungle Line". Mwanzoni mwa miaka ya 1980 makundi ya Uingereza kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow yakapata umaarufu kwa mdundo uliotoka humohumo.

Sasa weka miaka hiyo kando ya miaka yetu. Mwaka 1972 wazazi wetu walikimbia. Mwaka 1975, wakati kitanzi cha ngoma ya Burundi kinazunguka Marekani na Ulaya, wao walikuwa wanafyeka pori la Ulyankulu kwa panga na jembe. Ngoma ilikuwa uhamishoni kwa njia yake na sisi kwa yetu. Tofauti ni kwamba ngoma ilikuwa inamwingizia mtu fedha, na mtu huyo hakuwa mpiga ngoma.

Ndiyo maana nashangaa tunapomwita tapeli kijana wetu. Wageni walifanya kitanzi kutokana na ngoma za watu wengine, wakasifiwa kwa ubunifu. Kijana wa Nyanza-Lac anafanya kitanzi kutokana na koo lake mwenyewe na vidole vyake mwenyewe, anakatwa nusu ya ujira. Hapo tumepotea njia.

Sasa nije kwenye malalamiko, maana nimeahidi.

Lalamiko kubwa ni la kazi. Wanamuziki wa bendi wanasema: zamani harusi moja ililisha watu sita, leo inalisha mmoja. Siwezi kusema hoja hii ni ya uongo. Lakini tuulize ni nani aliyeanza kuwala hao sita. Katika harusi za watu wa kipato kidogo, bendi ilikwisha kuondolewa na flashi ya DJ muda mrefu kabla ya lupu kufika. Anayeshindana na kijana wa lupu si bendi ya watu sita, ni memori kadi yenye nyimbo mia tano za watu wasiokuwepo. Kati ya faranga kwenda kwa mtu aliye hai mbele yetu na faranga kwenda kwa anayebonyeza kitufe, mimi nachagua mtu aliye hai. Tena mwenye uwezo wa kulipa bendi aendelee kuilipa, kwa sababu watu sita wanaosikilizana wana kitu ambacho lupu haina: mmoja akibadilisha mwendo, wengine wanamfuata. Kitanzi hakimfuati mtu, mtu ndiye anayekifuata.

Lalamiko la pili linatoka kwa watu wa ngoma. Wanaogopa kwamba kesho mtu atarekodi batimbo kwa sekunde 10, akazirudisha kwenye spika usiku kucha, na harusi ikasema "tulikuwa na ngoma". Hapa nasimama upande wao moja kwa moja. Ngoma ya Burundi si sauti tu. Ni mti uliochongwa, ni mtu anayebeba ngoma kichwani huku akipiga, ni kuruka, ni majigambo. Kuichukua kwa maikrofoni na kuirudisha bila wenyewe ni kurudia yale ya 1971. Lupu ibebe kile mpigaji anachokipiga yeye mwenyewe pale jukwaani. Akitaka kutumia sauti ya mtu mwingine, aombe, na kama kuna malipo yagawanywe. Ofisi ya haki za watunzi, OBDA, ipo, na vijana wa mashine hizi wanapaswa kujua njia ya kwenda huko, kwa faida yao na ya wengine.

Kuhusu ngoma, kila mmoja anajua pia amri ya rais ya Oktoba 2017, iliyoweka utaratibu wa nani apige na wapi, na kuwazuia wanawake kupiga. Sikuandika makala hii kuijadili amri hiyo. Nasema jambo moja tu kama mwalimu mwenye wasichana wengi darasani. Msichana anayeimba, anayepiga makofi, anayejua akazehe za bibi yake, zile salamu ambazo wanawake wawili wanapokezana sauti moja ikiingia ndani ya nyingine, hajagusa ngoma ya mtu. Mpe maikrofoni na pedali na ataweza kuimba sehemu zote mbili za akazehe, ya kwake na ya bibi yake asiyekuwepo. Sioni sheria inayomkataza, na sioni sababu ya sisi kumkataza.

Lalamiko la tatu ni la wazee wa kanisa, kwamba kwaya ni ushirika na mtu mmoja hawezi kuwa kwaya. Kidole kimoja, wanasema, hakivunji chawa. Nalielewa. Sisi tuliokulia Ulyankulu tulilelewa na kwaya. Kaseti za Kwaya ya Barabara ya 13 zilisafiri mbali, zikawafikia watu ambao wasingeweza kuionyesha Ulyankulu kwenye ramani. Kwaya ile ilikuwa ni watu waliokaa pamoja, wakalima pamoja, wakazika pamoja. Ilitokana na kukaa.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo kwa sisi tuliorudi. Kurudi nyumbani kunavunja makundi. Sisi wa 1972 tuliporudi mwaka 2008 na 2009, wengine walishushwa Rumonge, wengine Bururi, wengine Makamba, wengine wakabaki Tanzania na kupewa uraia. Sauti ya kwanza ikaenda huku, besi ikabaki kule. Waliorudi baadaye kutoka Nduta na Nyarugusu wamepitia hayohayo. Kijana aliyezoea kuimba na wenzake wanane kambini anajikuta kwenye kilima ambacho hana hata mmoja anayejua nyimbo zake, na majirani bado wanamtazama kama mgeni mwenye Kiswahili kingi. Huwezi kumwambia huyo angoje hadi apate bendi. Bendi ni jirani, na ujirani unachukua miaka. Lupu inamwezesha kupiga leo, na watu wakishamsikia ndipo watakaposogea. Huyo kijana wa harusini, wiki chache baadaye, alikuwa na wenzake wawili, mmoja wa ikembe na mmoja wa sauti ya pili. Walimjia kwa sababu walimsikia.

Kwa hiyo simwambii mtu aoane na mashine. Namwambia aitumie kama fimbo ya kutembelea, hadi miguu ipone.

Nina mapendekezo machache.

Kwa wanaoalika wasanii: patana juu ya kazi, si juu ya idadi ya vichwa. Saa mbili za muziki ni saa mbili za muziki. Kama unataka watu sita jukwaani, sema mapema na lipa watu sita. Usingoje ubwabwa uishe ndipo uanze kuhesabu.

Kwa vijana wenye mashine: anza kila onyesho na mashine tupu, na waonyeshe watu kwamba ni tupu. Jenga wimbo wa kwanza taratibu, sauti moja moja, hata mzee wa nyuma aelewe kinachotendeka. Usiwe mchoyo wa siri. Na usijaze tabaka kumi kwa sababu mashine inakubali, maana baada ya tabaka la tano au la sita masikio hayatofautishi tena kitu, yanasikia uji. Jifunze kuzima kitanzi na kuimba ubeti mmoja bila kitu chochote. Hapo ndipo watu watajua kama una sauti.

Kwa walimu wenzangu: hatuna haja ya kungoja pedali. Mimi nagawa darasa makundi matatu. La kwanza linashika makofi yasiyobadilika, mapigo manane, na haliruhusiwi kukimbia wala kulala. La pili linaingia na mguu katikati ya nafasi zilizoachwa. La tatu linaimba neno moja. Kisha mwanafunzi mmoja anasimama katikati na kubuni juu yake. Hicho ni kitanzi cha watu, hakihitaji umeme, na kinafundisha hesabu, kusikiliza na subira kwa wakati mmoja. Aliyeyaweza hayo, siku akiigusa mashine ataimudu kwa saa moja. Ambaye hajayaweza, mashine itamwaibisha.

Na kwa ndugu zangu wafanyabiashara wa Mugina na Manyovu, mnaokwenda Kigoma na wengine hadi Kariakoo: vijana wameanza kuagiza pedali hizi, na kuna mzigo mzuri na mzigo wa hasara. Pedali nyingi ndogo zinatumia volti 9, na baadhi zinakubali betri, jambo ambalo kwetu, umeme ukikatika, ndilo linaloamua kama onyesho lipo au halipo. Zile kubwa za mezani, kama RC-505 iliyotoka mwaka 2013 na kupendwa na wanaopiga midundo kwa mdomo, zinataka umeme wa ukutani. Jihadharini na adapta. Adapta nyingi za redio zina chanya katikati ya ncha, lakini pedali nyingi za gitaa zinataka hasi katikati. Ukimuuzia kijana pedali nzima na adapta isiyo yake, anaweza kuiunguza siku ya kwanza, na mteja mmoja aliyeunguza huwafukuza kumi. Fungua, washa, jaribu mbele ya mnunuzi. Zipo pia programu za lupu za kuweka kwenye simu, nyingine za bure, na ni nzuri kwa kujifunzia. Lakini simu za bei rahisi huchelewesha sauti kidogo, na kuchelewa kidogo kwenye kitanzi, kama tulivyoona kwenye hesabu, si jambo dogo.

Mwisho, niseme na yule msemaji wa familia na wengine wenye mawazo kama yake, kwa heshima yao. Hamkuibiwa siku ile. Mliletewa kijana aliyejigawa mara sita mbele ya macho yenu, asikosee, kwa saa mbili, na mkacheza. Ile nusu iliyobaki ni deni. Anakaa palepale kilimani, si mbali. Mpelekeeni.